Chombo Kilale Kwanza, Ndipo Kifungwe

Hotuba kwa wamiliki wa boti, madereva na utingo, Mwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wa ziwani, akina mama mnaomiliki vyombo, vijana wa usukani na vijana wa utingo, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wale wasiojibu zote mbili, habari za asubuhi. Nimepewa muda mfupi, na mwenyekiti wetu namjua: saa yake haina huruma. Salamu za itifaki naomba mnihesabie kwamba nimezimaliza.

Wengi wenu mnanunua boti za faiba pwani, Dar es Salaam, Tanga, wengine mpaka Mombasa, kisha mnazileta huku kwa barabara. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100. Na kila ninapokutana na mtu anayejiandaa kwa safari hiyo, swali lake ni lile lile: "Fundi, tufunge kwa kamba gani?" Swali zuri, nitalijibu. Lakini linakuja mapema mno. Boti nyingi zinazofika ziwani zikiwa na ufa hazikudondoka njiani. Zilikuwa zimefungwa vizuri sana, tena zimekazwa mpaka zikaumia. Hakuna aliyeuliza zimelalia nini.

Tuanzie hapo. Boti ikiwa majini hubebwa na maji tumbo zima, kila sehemu inapata msukumo wake. Ukiitoa na kuiweka kwenye trela, uzito wote ule unahamia sehemu chache tu: rola mbili tatu, mbao mbili za pembeni. Kama sehemu hizo hazikupangwa, boti inakuwa kama mgonjwa aliyelazwa kwenye kitanda chenye chaga tatu. Hata umfunike blanketi zuri namna gani, asubuhi ataamka na maumivu. Sasa ongeza matuta. Kila tuta kati ya Morogoro na hapa linanyanyua boti na kuibwaga, na pigo lote linapokelewa na zile sehemu chache.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: mkuku, ule uti wa chini wa boti, ndio unaobeba. Rola au magogo ya katikati yakae chini ya mkuku, mengi iwezekanavyo, na yote yaguse. Zile mbao ndefu za pembeni, zilizovishwa zulia, kazi yake kubwa ni kuzuia boti isiyumbe kushoto na kulia. Kwenye trela za mbao bila rola, ambazo nazo ni nzuri, basi mbao hizo ziwe ndefu, pana, na zipite chini ya mbavu ngumu za ndani, si katikati ya ngozi nyembamba ya faiba. Ukitaka kujua kama boti imelala sawa, pita na kipande cha karatasi ngumu ukijaribu kukipenyeza kati ya mkuku na kila rola. Karatasi ikipita bila kizuizi, rola hiyo haibebi kitu, ni pambo. Ipandishe mpaka iguse.

Sehemu ya pili ambayo watu huisahau ni tezi, yaani nyuma ya boti. Pale nyuma ndipo panaponing'inia mashine. Nimeona trela ambazo mbao zake zinaishia nusu mita kabla ya ubao wa nyuma wa boti, mwenyewe anasema "si inakaa?" Ndiyo, inakaa. Lakini ule uzito unaoning'inia nje ya mbao unavuta tumbo chini, na faiba ikikaa hivyo juani wiki nzima inapinda. Boti ya namna hiyo ukiitia majini haikimbii tena vizuri, na fundi wa mashine atalaumiwa bure. Mbao zifike mpaka chini ya ubao wa nyuma kabisa. Kama trela ni fupi kwa boti yako, trela hiyo si yako. Tafuta nyingine au ongeza chuma kwa fundi wa kuchomelea anayejua kazi.

Mbele, omo, yaani ncha ya mbele ya boti, iegemee kwenye kikomo chake cha trela na ikae hapo. Boti isiyoegemea mbele itasogea siku dereva atakapokanyaga breki kwa ajili ya ng'ombe, na kwenye njia yetu ng'ombe hawakosekani.

Sasa uzito. Hili nalo ni la kulala, si la kufunga. Trela nzuri huwa na kibati kinachosema inabeba kilo ngapi. Jumlisha boti, mashine, betri, nanga, minyororo, nyavu, mafuta, na lile trela lenyewe. Mashine ya kawaida ya nguvu za farasi 40 peke yake ni kilo 70 na zaidi. Petroli lita 200 ni kama kilo 150. Maji ni kilo moja kwa kila lita, na maji ndiyo yanayodanganya kuliko vyote, kwa sababu hayaonekani: yamejificha kwenye ngama, chini ya sakafu. Boti iliyoachwa uwanjani wakati wa masika bila turubai inaweza kubeba maji mengi ambayo hakuna aliyeyahesabu. Fungua kizibo cha nyuma, inua omo, acha yachuruzike usiku kucha. Kizibo chenyewe kifunge kwa uzi kwenye usukani wa boti, mahali ambapo mtu hawezi kuwasha mashine bila kukiona. Msiniulize kwa nini nasisitiza uzi. Kila mtu hapa anamjua mtu aliyekisahau.

Petroli iteremsheni. Najua bei ya Dar inaonekana rahisi kuliko ya huku, najua mahesabu yenu. Lakini tangi lililojaa nusu ndilo baya zaidi: mafuta yanakimbia mbele na nyuma kila dereva anapofunga breki, mvuke unajaa humo ndani kwenye jua la Dodoma, na juu yake kuna betri. Teremsheni mafuta, tengeni waya za betri, betri ifungwe wima. Nyavu zilizolowa msizirundike ndani; zinaongeza uzito, zinaoza, na zinahama upande mmoja.

Baada ya kupunguza, tazama uzito umegawanyikaje. Hapa naomba vijana wasogee. Trela la boti linatakiwa kubonyeza kidogo pale linaposhikana na gari. Kwa boti, kipimo kinachokubalika ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa trela na mzigo. Trela na boti vikiwa na kilo 1,000, pua ya trela ibonyeze kilo 50 hadi 100. Ikipungua hapo, yaani uzito umelemea nyuma, trela litaanza kuchezacheza mkia ukifika mwendo wa kilomita 70 au 80, na likishaanza, kuongeza mwendo au kukanyaga breki kwa nguvu ni kujitafutia. Ikizidi sana, gari linakaa chini nyuma, taa zinaangaza mbinguni, na usukani unakuwa mwepesi. Kupima si kazi ya maabara. Mizani ya bafuni weka juu ya matofali mpaka kimo kiwe sawa na kile cha gari, ukiwa mahali tambarare, kisha tua pua ya trela juu yake. Kwa boti kubwa, nendeni kwenye mizani ya magunia; Kanda ya Ziwa mizani ya pamba hatukosi. Ikiwa pua ni nyepesi, sogeza boti mbele pamoja na kikomo cha omo, au sogeza ekseli nyuma kama trela lako linaruhusu. Kuweka mfuko wa saruji mbele ya boti ili kusawazisha ni ujanja ambao nimeuona na siupendi: mfuko unahama.

Mashine. Kama ni ndogo, ing'oe, isafiri ndani ya gari. Mashine za mipigo minne zina upande wake wa kulalia, kitabu chake kinaonyesha. Ukiilaza vibaya, oili inaingia kusikotakiwa. Kama ni kubwa na itabaki nyuma ya boti, kwanza isafishe kwa maji baridi ya bomba, maana imetoka kwenye chumvi, kisha iache ikae wima mpaka maji yote yatoke. Kwenye safari, ikiwa kuna nafasi ya kutosha kutoka ardhini, iache wima. Ikibidi kuiinua, usiiachie ile ndoano ndogo ya kuinulia ifanye kazi yote. Weka nguzo ya chuma au gogo zuri kutoka kwenye mashine hadi kwenye trela, ili matuta yasigonge ule ubao wa nyuma. Ubao huo ukishalegea, kuutengeneza ni kukata boti. Pangaboi ivueni mkaiweke kwenye gunia. Inaokoa meno yake, na mwizi pia anapungukiwa na sababu.

Haya, sasa kamba. Chombo kimelala, uzito uko mahali pake, sasa tunafunga.

Kamba ya katani tunaijua na nchi hii imeishi nayo. Lakini katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Funga asubuhi ya umande pale Chalinze, ukifika Manyoni saa nane mchana kamba inacheza. Nailoni nayo hunyooka, hasa ikilowa. Ndiyo maana siku hizi napendelea mikanda mipana ile ya kukazia kwa kirungu cha chuma, miwili nyuma, kila mmoja ukitoka kwenye jicho la chuma la ubao wa nyuma kwenda moja kwa moja kwenye fremu ya trela, mfupi na ulionyooka. Mbele, winchi peke yake haitoshi. Winchi ni ya kupandishia. Omo ipate mnyororo wake, uliojitegemea, hata waya wa winchi ukikatika boti isiende popote. Ukilazimika kupitisha mkanda juu ya boti, weka zulia au kipande cha tairi ya ndani pale unapogusa ukingo, na usikaze mpaka ukingo unalia. Mkanda mrefu unaopigwa na upepo upe msokoto mmoja au miwili. Hautapiga kelele wala hautajila.

Funga, tembea kama kilomita 20, simama, kaza tena. Kila mzigo hukaa vizuri baada ya kutikiswa kidogo, na boti ikikaa, mkanda unalegea. Hakuna aliyefunga mara moja Kibaha akafika Mwanza ameshika sifa. Nati za magurudumu ya trela nazo zikazwe upya hapo hapo.

Kuhusu magurudumu sitachukua muda mrefu ingawa ndiyo yanayolaza watu njiani. Trela la boti ni la ajabu: linakaa mwaka mzima juani bila kutembea, kisha siku moja tunalidai kilomita elfu moja. Tairi yake inaweza kuwa na kashata nzima na bado imeoza. Tazama mipasuko midogo ya pembeni. Beringi zifunguliwe, zioshwe, zipakwe grisi inayostahimili maji, maana trela hili limeshazamishwa baharini. Kila mnaposimama, utingo aguse kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Kikiwa cha moto usichoweza kukishikilia, msiendelee. Na tairi ya akiba iwe ya trela, si ya gari, pamoja na jeki inayofika chini ya trela na spana inayoingia kwenye nati zake. Jaribuni hapo nyumbani.

Wenye mashua za mbao, mmevumilia, sasa zamu yenu. Mbao ni kiumbe mwingine. Mashua iliyozoea maji imevimba, mbao zake zimebanana na kalafati, ile pamba ya kuzibia maungio, imeshikwa katikati. Ukiipitisha siku tatu kwenye upepo mkavu wa Dodoma na Singida, mbao zinasinyaa na maungio yanafunguka, mengine unaona mwanga. Mtu asiyejua atakimbilia kujaza pamba mpya kwa nyundo kila mahali. Mbao zikirudi majini na kuvimba, ile pamba ya ziada haina pa kwenda, inasukuma mbao zitoke kwenye misumari. Afadhali ifunikeni kwa magunia yaliyolowa, mwagieni maji kila mnapolala, msafiri haraka iwezekanavyo. Mkifika, izamisheni kwenye kina kifupi, mpige maji nje, iachwe inywe siku kadhaa kabla ya kuipa kazi. Na chini ya mashua ya mbao kila taruma kuu, yaani ubavu wa ndani, lipate tegemeo lake, maana mashua ya misumari haivumilii kupindishwa.

Nimeulizwa nje hapa kama kweli chombo kikubwa kinaweza kusafiri nchi kavu bila kuumia. Historia yetu ina majibu mawili, yote ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walijenga meli Graf von Götzen huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaitia kwenye makasha mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Ndiyo hiyo hiyo MV Liemba. Mwaka huo huo Waingereza wakafanya kinyume: walichukua motaboti mbili za mbao, zilizopewa majina Mimi na Toutou, kila moja kama mita 12, wakazileta nzima nzima kutoka Cape Town. Reli ilipokwisha Katanga, huko Kongo, zikawekwa kwenye vitanda vya magurudumu, zikavutwa na matrekta ya mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200 za njia ambayo wafanyakazi Waafrika waliilima, wakaijengea madaraja ya magogo. Wanaosimulia hupenda sana habari za kamanda wao Spicer-Simson, mtu wa vituko kwelikweli. Mimi huwatazama wale waliotengeneza njia. Vile vyombo vilifika vikiwa na nguvu za kupigana: tarehe 26 Desemba 1915 viliiteka meli ya Kijerumani Kingani.

Na majuzi tu, mwaka 2021, jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu kwa plastiki zilizokusanywa, na ambalo mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga mpaka Zanzibar, lilipakiwa kwenye lori kuletwa Kisumu kuzunguka ziwa hili letu. Jahazi, wazee wangu, limevuka Bonde la Ufa kwa matairi.

Njia yenyewe. Boti ikizidi upana unaoruhusiwa barabarani, kibali cha mzigo usio wa kawaida kinaombwa TANROADS, wakala wa barabara, kabla ya safari, si pale mizani ya magari ya Vigwaza huku foleni ikipiga honi. Wanaotokea Kenya wana KeNHA, mamlaka yao ya barabara kuu, na mpakani forodha watataka karatasi za boti na za mashine kila moja peke yake. Gari na mzigo vikizidi tani 3.5 mizani inawahusu. Andika namba ya mashine pembeni, piga picha. Mlingoti ushushwe ulale, na pima kimo kutoka ardhini hadi juu kabisa, kiandike kwa chaki mbele ya dereva, kwa sababu nyaya za vijijini hazina kimo kimoja. Kitambaa chekundu nyuma, taa za trela zijaribiwe zote, na usiku lala. Boti ni pana, ni nyeupe mchana na haionekani gizani, na pikipiki zisizo na taa ni nyingi kuliko samaki. Kwenye tuta, dereva apunguze kabla, magurudumu yote yapande pamoja. Kulipanda mshazari ndiko kunakosokota fremu, na fremu ikisokotwa na boti inasokotwa nayo.

Lipo jambo ambalo wanunuzi wa boti zilizotumika hawapendi kulisikia. Boti inayotoka kwenye ziwa au mto mmoja kwenda mwingine isafishwe, ikaushwe, hata ule uchafu wa kwenye rola za trela. Sisi hapa ndio tunaojua gugumaji ni nini; limeingia ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo limeziba mialo yetu ya kuegeshea vyombo na kufunga mapangaboi. Amerika Kaskazini kuna kome mdogo wa milia, aligunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988, na mojawapo ya njia zilizomsambaza ziwa hadi ziwa ni boti za kwenye trela. Kijiti kimoja cha gugumaji kilichonasa kwenye mkanda kinatosha. Mimi nikiwa na mamlaka ningeweka bomba la maji kila mwalo wenye njia ya trela. Sina, kwa hiyo nawaomba.

Mkifika mwaloni, msikimbilie kuingia majini. Vitovu vya magurudumu vimepata moto. Ukivizamisha ghafla, hewa ya ndani inapoa na kunywa maji, na beringi zinaanza kuoza siku hiyo hiyo. Subirini nusu saa, mnywe chai. Chomoeni waya za taa. Rudisheni mashine, mafuta, betri. Kizibo, mnajua kilipo. Fungueni mikanda ya nyuma kabla ya kuteremka, lakini mnyororo wa omo ubaki mpaka boti ianze kuelea, maana kwenye mteremko wenye utelezi boti inaweza kushuka peke yake na kumwacha mwenyewe ameshika mkanda. Ikishaelea, mtu mmoja aingie ndani atazame ngama kabla trela halijaondoka. Maji yakiingia, vuteni hapo hapo.

Ndugu mwenyekiti, naona umeitazama saa. Nje hapo kuna trela la ndugu yetu mmoja, lina boti ya faiba ya mita saba, na amekubali tulifungue na kulifunga tena mbele yenu. Leteni ile karatasi ngumu na mizani ya magunia. Maswali ya kamba nitayajibu huko huko, mkanda ukiwa mkononi.